Tumbaku Ilimshika Lali, Mimi Ikaniacha

Vijana wangu,

Juzi baada ya alasiri mlikaa kwenye baraza yangu, kila mmoja na donge la tumbaku ndani ya mdomo wa chini, mkitema ukutani ambapo mke wangu alikuwa amepaka chokaa karibuni. Nikawaambia muache. Shee akacheka, akasema, "Babu, wewe umelala na tumbaku, umeamka na tumbaku, tangu hujaoa hadi mgongo umekupinda, na haikukufanya kitu. Sisi tutashindwa nini?" Wengine mkapiga makofi. Mimi nikanyamaza, maana mdomo wangu mbele za watu ni mzito tangu ujana. Nilipolipata jawabu mlikuwa mmeshakwenda zenu kucheza mpira.

Ndiyo sababu naandika. Naandika polepole, kwa kuwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilikaa muda mfupi kabla sijatolewa kwenda shamba.

Jawabu langu ni kwamba mimi si ushahidi wa jambo lolote. Siku niliyoingia kazi ya tumbaku hapa Pate tuliingia wawili, mimi na Lali, ambaye baadaye alimuoa dada yangu Mwanahawa. Shee, huyo ndiye babu yako mzaa mama. Wewe ulimkuta mzee wa Mkokoni, kule bara, mvuvi mpole, aliyeondoka barazani kila mtu alipofungua kijaluba cha tumbaku. Ulidhani ni kiburi. Nimemuomba Mwanahawa ruhusa ya kueleza, naye amesema, "Andika, ila usimfanye mjinga, maana hakuwa mjinga."

Tumbaku yetu ililimwa ndani ya magofu, katikati ya kuta za nyumba za kale, kwa kuwa udongo wa humo ni mweusi na kuta huukinga mche na upepo wa chumvi. Banda la kukaushia lilikuwa la Bwana Kombo, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Hakumchukua kijana yeyote bila kumpima, na kipimo chake kilikuwa hiki: alikupa kipande cha tumbaku kavu, akakwambia utafune na mate uyameze. Kwa kawaida mate ya tumbaku hutemwa. Ukiyameza, dunia inageuka. Aliyetapika aliajiriwa. Ambaye hakutapika alirudishwa kwao. Bwana Kombo, na wenye mabanda wenzake wote, waliamini kwamba tumbo lililoikataa tumbaku mara ya kwanza halitaitaka tena, na mtu wa namna hiyo unaweza kumwacha peke yake na shehena nzima.

Siku yetu tulikuwa watatu, ndio kwanza tunabalehe: mimi, Lali, na Shali, mtoto wa mvuvi mmoja. Mimi nilitapika nyuma ya ukuta kwa haya. Lali alitapika palepale, juu ya miguu ya Bwana Kombo, akalia machozi, akatapika tena. Bwana Kombo alifurahi kama aliyepewa zawadi.

"Huyu ni dhahabu," alisema, huku akijipangusa miguu. "Na wewe Shali, vipi?"

"Mimi sijambo, Bwana. Kuna kingine?"

"Kingine! Shika ndia, mwanangu, rudi kwa babako. Wewe utanilia banda zima na makuti yake."

Tulimcheka Shali huku tunajifuta midomo. Basi jueni kwamba Shali hakuweka tumbaku mdomoni tena mpaka alipokufa mzee. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini hali mchanga. "Haina ladha," alisema.

Na Lali, dhahabu ya Bwana Kombo, ndiye aliyeshikwa.

Nikumbuke kwanza kazi yenyewe, maana siku hizi sigara za pakiti zimejaa madukani na hakuna anayejua tena kusokota. Mche ukifika kifuani unaukata kilele kabla haujatoa maua, halafu kila siku chache unapita kunyofoa machipukizi ya pembeni, la sivyo majani yanabaki membamba na makali bila utamu. Unachuma kuanzia chini kwenda juu. Na huchumi wakati kuna umande. Hilo hatukuambiwa, tuliachiwa tujifunze wenyewe.

Asubuhi yangu ya kwanza nilichuma mapema ili nionekane hodari. Maji ya majani yakaniingia mikononi na kifuani, na kabla ya adhuhuri kichwa kilizunguka, jasho la baridi likanitoka, nikalala chini. Mama akaamini nimepigwa na jini wa magofuni. Shangazi akaleta chetezo, akanifukiza ubani mpaka nikatapika ndani ya chetezo, moto ukazimika. Bwana Kombo alipokuja kunitazama alisimama mlangoni akauliza neno moja.

"Ulichuma na umande?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi acheni ubani wenu. Jini wake ni majani."

Lali naye alikuwa amechuma na umande, pembeni yangu, na alilala chini kama mimi. Jioni nikamuuliza alijionaje. Mimi nilidhani atasema alitaka kufa, kwa sababu mimi nilitaka kufa. Akasema, "Nilitapika. Lakini kabla ya kutapika kichwa kilikuwa chepesi, Athumani. Kama mtu aliyetuliwa mzigo." Sikumwelewa. Mwili wangu mimi haukutuliwa kitu. Majani yalikuwa yaleyale, umande uleule. Kila nikifika hapa huwa naona kwamba pengine sababu yote ni hii, kwamba tulitengenezwa mbalimbali, halafu nakumbuka mambo mengine na nachanganyikiwa tena.

Majani yakishanyauka unayatunga kwenye kamba za makumbi ya nazi, unayaning'iniza kivulini. Yakigeuka rangi ya asali unayashusha, unayarundika na kuyafunika majamvi ili yatoe jasho. Hapo ndipo kazi ya mkono. Unaingiza mkono ndani ya rundo hadi kiwiko. Ukiweza kuuacha humo huku unazungumza, bado. Ukitaka kuutoa haraka, geuza rundo sasa hivi, la sivyo tumbaku itaoza na utainusa ubaya wake mpaka mwaka unaofuata. Lali alikuwa na mkono usiokosea. Bwana Kombo alimwamsha hata katika usingizi wa mchana. "Njoo usalimiane na rundo," alimwambia, na Lali alizamisha mkono, akafumba macho, akasema, "Linataka kugeuzwa," na kweli lilitaka.

Kusokota hufanywa na watu wawili waliokaa wanatazamana. Mmoja anatia majani yaliyotolewa mshipa wa kati, mwenzake anazungusha, kamba inakua katikati yenu, kisha unaikunja kama kata ya kubebea mtungi. Kwa hiyo nilikaa nikimtazama Lali usoni miaka mingi, na niliona jinsi ilivyoanza, lakini kuona si kuelewa.

Ilianza na jino. Lilimuuma gego wiki nzima, shavu likavimba. Mzee Famau, msokotaji wa siku nyingi, akakata kipande, akamwambia, "Weka hapo, jino litalala." Likalala. Baadaye gego liling'olewa, na tumbaku ikabaki mahali pake.

Basi nikisema ni jino, mimi pia niliumwa jino mwaka uliofuata, na Mzee Famau alinipa dawa ileile. Jino likapoa, nikatema kipande, yakaisha.

Labda njaa. Baba yake alikufa baharini Lali akiwa mdogo, na mama yake, Bi Mwanaisha, alilea watoto peke yake katika kijiji cha Chundwa kwa kuuza mikeka. Chakula ambacho Bwana Kombo alitupa mchana Lali alikifunga kwenye jani, akawapelekea wadogo zake, na tumbaku ilimfanya asisikie tumbo. Nilimwona akifanya hivyo. Lakini ulipokuja ukame, sisi sote tulilala njaa, na mimi tumbaku ilikuwa mapajani mwangu kutwa, sikuitamani.

Labda damu. Bi Mwanaisha alisema mumewe naye alikuwa haachi, alizikwa akinuka. Lakini baba yangu mimi alitafuna pia, kipande kimoja baada ya chakula cha jioni, na Ramadhani ikiingia alikitia kijaluba sandukuni, asikiulize mpaka mwezi uandame.

Au labda ni baraza. Kijana mwenye tumbaku mdomoni aliruhusiwa kukaa na wanaume. Walisogea wakampa nafasi. "Karibu, Lali, sasa wewe mtu mzima. Huyo mwenzako bado ananyonya?" Huyo mwenzake ni mimi. Nilikuwa nikisikia haya hata kusalimia watu wengi kwa pamoja, nikapita upesi kwenda nyumbani. Lali, asiye na baba, alikuwa na kiu ya kuitwa mwana na wazee. Nikifika hapa huwa nataka kuwaambia, vijana, kwamba haya zangu ndizo zilizoniokoa. Kisha namkumbuka Shali, ambaye hakuwa na haya hata chembe, aliyekaa kila baraza ya mji huu na kucheka kuliko wote, na hakula tumbaku.

Kwa hiyo siwezi kuwapa sababu. Nawapa yaliyotokea.

Baba alimpenda Lali. Alipoletewa posa ya Mwanahawa hakukawia kujibu, na harusi ikawekwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mwanahawa alianza kuimba akitwanga, na mama akamwambia awe na adabu. Wakati huo Lali alikuwa hatoi tumbaku mdomoni ila kwa kula na kuswali. Alilala nayo. Niliwahi kumwona anaitafuta sakafuni kama mtu aliyepoteza pete, ilhali amekaa ndani ya banda la tumbaku. Nilimwambia, "Ramadhani inakuja." Akasema, "Nitaiacha mwezi ukiandama. Kwani ni nini? Ni jani tu." Alisema kwa moyo mmoja. Nami nilimwamini.

Siku za kwanza alifunga, na hakuwa Lali ninayemjua. Mikono ilitetemeka, kamba ikatoka na mafundo. Alimkemea Mzee Famau kwa kupumua kwa sauti. Halafu siku moja akawa mpole tena, akanitania, akasokota vizuri, na mimi mpumbavu nikafurahi, nikadhani amezoea.

Adhuhuri ya siku hiyo tulikwenda msikitini. Lali alikaa kwenye birika, tangi la maji la msikiti, kutawadha, baba yangu akakaa kando yake. Lali akasukutua, akatema. Maji yaliyopita kwenye mfereji mbele ya miguu ya baba yalikuwa rangi ya kahawa.

Baba aliyatazama mpaka yakaisha. Mimi nilikuwa nyuma yao nikingoja nafasi. Tuliswali. Watu walipotawanyika alimshika Lali mkono, akamketisha kwenye ngazi, na mimi nikabaki kwa kuwa hakuniambia niondoke.

"Lali, mwanangu. U mgonjwa?"

Mnajua maana ya swali hilo. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku zake baadaye. Lau angesema ndiyo, neno lingekwisha pale.

"Si mgonjwa, Bwana," Lali alisema.

"Hukuwa na homa jana? Tumbo?"

"La, Bwana."

"Basi ni nini?"

Nilimwona anatafuta kwa kweli, kama mtu anayepapasa gizani. "Sijui," alisema. "Niliapa. Nimeamka nikiwa nimeapa. Nikauona mkono wangu unaitia mdomoni."

"Nisingeona, ungeendelea?"

"Ningeendelea, Bwana."

Baba akainuka. Alikuwa amekasirika, lakini pia alikuwa amepotea, nilimjua. Alitembea mpaka nyumbani bila kumjibu mtu salamu, akamwambia mama, "Harusi haipo." Usiku ule alifuturu kwa maji tu. Niliwasikia wakizungumza ndani. Mama alisema, "Ni mgonjwa yule." Baba akasema, "Amekana mwenyewe." Mama akasema, "Mwenye homa kali naye husema hajambo." Hadi leo mimi najiuliza. Kama si mgonjwa, mbona aliteseka vile? Na kama ni mgonjwa, mbona ni ugonjwa unaoukimbilia mwenyewe?

Asubuhi Mwanahawa alinivuta uani.

"Baba alimuuliza kama ni mgonjwa?"

"Alimuuliza."

"Mara ngapi?"

"Alizunguka zunguka akimuuliza."

"Na akakataa kila mara?"

"Akakataa."

Alisimama na ungo mkononi. "Mtu anafunguliwa mlango apite, anasema mlango huu si wangu. Athumani, mimi namtaka huyo."

"Hawezi kuacha, Mwanahawa. Mimi nakaa naye. Hawezi."

"Sikukuuliza kama anaweza. Nenda ukamwambie baba namtaka."

Mimi kumwambia baba! Nilizunguka mji mzima kabla sijapata ulimi. Nilipomaliza, baba alisema jambo ambalo sikulitazamia. Alisema Lali aondoke Pate, aende bara kwa mjomba wake Mkokoni, ambako hakuna shamba la tumbaku, akae mpaka Ramadhani nyingine. Akirudi akafunga mwezi wake mbele ya macho yake, atampa binti. Bwana Kombo alipoambiwa alipiga kelele kwa ile sauti yake nyembamba. "Mnanichukulia mkono wangu! Na yule alitapika, nyinyi, alinitapikia miguuni!" Hakuweza kukubali kwamba kipimo chake kimemdanganya. Aliendelea kupima vijana kwa namna ileile mpaka mwisho wake.

Ya Mkokoni nilisimuliwa na mjomba wake. Alisema Lali alilala siku nyingi bila kusema na mtu, kisha akawa anakwenda ufukweni kila jahazi likitia nanga, kuomba mabaharia. Mara nyingine walimpa. Akarudi nyumbani akilia, akaanza upya. Mjomba hakumpiga wala hakumkemea. Alimpa kazi ya kutengeneza nyavu, ili mikono iwe na la kufanya, na akampa mbegu za maboga atafune. Ni dawa gani hiyo? Sijui kama ilikuwa dawa. Lakini Ramadhani ilipofika Lali alivuka kurudi Pate, akafunga mwezi mzima akilala kwetu, na Mfungo Mosi baba akamwoza.

Walijaribu kukaa hapa mjini. Haikufaa. Upepo ukitoka upande wa magofu, Lali aliacha chakula akaingia ndani akafunga dirisha. Mimi nilikuwa nikisimama mlangoni kwa dada yangu, nasalimia kutokea nje, kwa sababu harufu ilikuwa kwenye nguo zangu, nywele zangu, chini ya kucha. Mimi siisikii. Nilijisugua kwa majivu na ndimu mpaka ngozi ikawaka. Akitoka kunisalimia niliona pua yake inatanuka kabla hajanipa mkono, na haya ikampata, nami nikatazama chini. Mwisho wakahamia Mkokoni, na Mwanahawa akapata watoto wake huko, mama yako, Shee, akiwa wa pili.

Nilikwenda kuwatazama mwaka ule mama yako alipozaliwa. Nilioga kwetu, nikaoga tena kabla ya kushuka chomboni, nikavaa kikoi cha kuazima kwa mtu asiyefanya kazi yetu. Lali alinipokea ufukweni. Alisimama mbali kidogo, akavuta pumzi, akaanza kucheka.

"Shemeji, rudi majini."

"Nimeoga mara ngapi leo!"

"Rudi majini, nakwambia. Unanuka rundo linalotaka kugeuzwa."

Nikarudi baharini na kikoi cha watu, nikajitosa, Mwanahawa akisimama na mtoto akicheka mpaka akaketi mchangani. Nilipotoka, Lali alinipa nguo yake mwenyewe, akanikalisha upande ambao upepo unanipita mimi baada ya kumpita yeye. Tulikula samaki na wali wa nazi. Alikuwa amenenepa. Mikono ilikuwa tulivu.

Tulipokuwa tunakunywa kahawa, Mwanahawa alipoingia kumlaza mtoto, Lali alisogea karibu yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za mwanamke aliyewahi kumpenda, "Mwaka huu imetokaje?"

Vijana wangu, mwaka ule ilikuwa tumbaku ambayo sijaiona tena maishani. Mvua ilinyesha kwa wakati, majani yalikuwa mapana kama sinia, jasho lake lilikuwa tamu hata wapita njia walisimama nje ya banda. Nilikuwa na hamu ya kumweleza mtu anayejua kazi, na hakuna aliyejua kama yeye. Nikamtazama usoni kama nilivyomtazama miaka yote tuliyosokota pamoja. Alikuwa ameinama kunisikiliza, na kikombe chake kilikuwa kimeanza kutikisika.

"Mbaya," nilimwambia. "Imeliwa na wadudu."

"Yote?"

"Yote."

Akasema alhamdulillahi, akainuka kwenda kuniongezea kahawa.